Jinsi Makaburi ya Wafalme wa Misri Yanavyochimbuliwa

1. Nchi kavu itunzayo vitu

Nchi ya Misri iko katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Afrika. Mto Naili, ambao maji yake hutoka katika maziwa makubwa ya Afrika ya Mashariki na katika milima ya Ethiopia, hupita katikati ya nchi hiyo kutoka kusini hata kufika bahari ya Mediteranea. Kandokando ya mto kuna mashamba mabichi ya ngano na mitende. Lakini mtu akienda mbali kidogo na maji, majani hukoma ghafula, na mbele yake hakuna ila mchanga na mawe matupu. Mvua hunyesha kwa nadra sana. Kwa ajili ya ukavu huo, kitu kilichofukiwa katika mchanga wa Misri chaweza kukaa miaka elfu na elfu kisioze. Mbao hudumu, nguo hudumu, mikate hudumu, hata maua hudumu.

Watu wa Misri ya kale waliamini kwamba mtu afapo ataishi tena katika ulimwengu mwingine, na huko atauhitaji mwili wake pamoja na vyombo vyake. Kwa hiyo maiti ya mtu mkubwa ilikaushwa kwa magadi siku nyingi, ikapakwa mafuta na utomvu wa miti, kisha ikazingwa kwa vitambaa vya kitani. Wasomao Biblia wanakumbuka kwamba Yusufu mwana wa Yakobo alipokufa alipakwa dawa, akatiwa katika sanduku huko Misri. Pamoja na maiti waliweka chakula, nguo, viti na silaha. Na kwa wafalme, waliweka dhahabu nyingi.

Dhahabu hiyo ndiyo iliyoleta taabu. Wafalme wa zamani sana walizikwa katika piramidi, na iliyo kubwa kupita zote, ya Farao Khufu huko Giza, ilijengwa yapata miaka 2,560 kabla ya kuzaliwa Kristo. Lakini piramidi ni kama mlima. Mwizi huiona toka mbali. Basi wafalme waliofuata, yapata miaka 1,500 kabla ya Kristo, wakaanza kuchimbiwa makaburi ndani ya mwamba, katika bonde lililofichika upande wa magharibi wa Naili, ng'ambo ya mji uitwao leo Luxor. Bonde hilo laitwa Bonde la Wafalme. Mafarao walizikwa humo kwa muda wa miaka zaidi ya 400. Walakini wezi nao hawakulala. Waliyaingia karibu makaburi yote, wakachukua dhahabu, wakavunja na kutawanya yaliyosalia.

2. Mwizi, mtafuta hazina, na mchimbuzi

Watu wa namna tatu wamefungua makaburi ya Misri, na yafaa kujua tofauti yao.

Wa kwanza ni mwizi. Huyu huingia usiku, hunyakua kinachong'aa, na kisichong'aa hukikanyaga.

Wa pili ni mtafuta hazina. Zaidi ya miaka 200 iliyopita walikuja Misri watu kutoka Ulaya ambao walitaka sanamu kubwa na vitu vizuri vya kupamba majumba ya kwao. Mmoja wao alikuwa Mwitalia, jina lake Giovanni Belzoni, mtu mrefu mwenye nguvu nyingi. Katika mwaka 1817 aliona mlango wa kaburi uliozibwa kwa mawe, akachukua magogo, akaugonga kwa nguvu hata ukabomoka. Belzoni hakuwa mwizi, tena alichora picha nyingi za mambo aliyoyaona. Lakini siku zile watu walikuwa hawajajua bado ni kitu gani hasa kinachopotea mlango unapobomolewa.

Wa tatu ni mchimbuzi wa mambo ya kale. Huyu atafuta habari. Kwake kigae cha chungu, punje ya ngano na uzi uliokatika vyaweza kuwa na thamani kuliko pete ya dhahabu. Na kigae hicho hakisemi habari zake isipokuwa kiko mahali pake. Mfano wake ni jaa la kijijini. Takataka zilizotupwa leo ziko juu. Zilizotupwa mwaka jana ziko chini yake. Na chini kabisa ziko zile walizotupa mababu. Mtu akichimba jaa hilo polepole, tabaka kwa tabaka, aweza kujua ni vyungu vya namna gani vilivyotumika kwanza, na vya namna gani vilivyokuja baadaye. Bali akilikoroga lote kwa jembe, vyungu atavipata vile vile, lakini habari zao zimekwisha, wala hakuna awezaye kuzirudisha. Ndiyo maana wachimbuzi husema kwamba mahali pamoja huchimbwa mara moja tu.

Mtu aliyefundisha wengine jambo hili katika Misri alikuwa Mwingereza, jina lake Flinders Petrie, ambaye alifika huko mwaka 1880 kupima piramidi. Petrie alikusanya vyungu vya makaburi mengi ya watu wa kawaida, akavilinganisha kwa umbo na mapambo, hata akaweza kupanga makaburi hayo kwa zamu, lipi la kwanza na lipi la baadaye, ijapokuwa hayakuwa na maandishi yo yote. Tena alikuwa na desturi ya kuwalipa wafanya kazi wake bakshishi kwa kila kitu walichokipata, hata kikiwa kidogo, ili pasiwe na mtu wa kukificha na kukiuza. Mwaka 1892 alifanya kazi pamoja naye kijana wa miaka 17, fundi wa kuchora, ambaye jina lake lilikuwa Howard Carter. Kijana huyo aliyashika mafundisho hayo.

3. Mfalme aliyesahauliwa

Katika orodha za Mafarao palikuwa na nafasi ambayo wanachuoni hawakuijua vizuri. Vitu vichache vilionyesha jina la mfalme Tutankhamun, lakini kaburi lake halikuonekana. Mwamerika mmoja, Theodore Davis, aliyechimba katika Bonde la Wafalme miaka mingi, aliokota kikombe chenye jina hilo chini ya jiwe. Kisha mwaka 1907 wachimbaji wake wakafunua shimo lenye mitungi mikubwa. Ndani ya mitungi mlikuwa na vitambaa, magadi, mifupa ya wanyama na ndege, vikombe vilivyovunjika, na mataji ya maua makavu. Na baadhi ya vitu vilikuwa na muhuri wa Tutankhamun. Davis hakuona thamani kubwa katika vitu hivyo. Mwaka 1912 akatangaza kwamba Bonde la Wafalme limekwisha, halina kitu tena.

Carter hakukubali. Alifikiri hivi: kama kikombe kipo, na muhuri upo, basi mwenyewe hayuko mbali. Baadaye wanachuoni walitambua kwamba mitungi ile ilikuwa na mabaki ya dawa zilizotumika kuihifadhi maiti ya mfalme, pamoja na mabaki ya karamu ya maziko yake. Hivyo takataka zile zilizodharauliwa zilikuwa zikitoa ushuhuda siku zote, ila alikosekana wa kusikiliza.

Gharama za kazi zilitolewa na tajiri wa Kiingereza, Lord Carnarvon. Carter alichora ramani ya bonde, akaigawanya kwa miraba, na toka mwaka 1917 akaanza kusafisha mraba mmoja baada ya mwingine mpaka mwamba wenyewe. Wafanya kazi wa Kimisri walichimba kwa majembe, na vijana wakabeba kifusi kwa vikapu. Mwaka ukapita, na mwaka mwingine, na mwingine. Vitu vya maana vikawa vichache mno. Katika mwaka 1922 Carnarvon alichoka, akataka kuacha. Carter akamsihi ampe msimu mmoja tu, kwa kuwa palibaki kipande kidogo cha nchi kisichochunguzwa. Kipande hicho kilikuwa mbele ya kaburi la Ramesses wa Sita, chini ya mabaki ya vibanda vya mafundi waliochimba kaburi hilo zamani. Carnarvon akakubali.

4. Ngazi kumi na sita

Tarehe 4 Novemba 1922, baada ya kuondoa kibanda cha kwanza, wafanya kazi waliona kipandio cha ngazi kilichochongwa katika mwamba. Siku ya pili jioni walikuwa wamefikia kipandio cha 12, na mbele yao ukaonekana mlango uliozibwa na kupakwa lipu, nao umejaa mihuri yenye sura ya mbweha juu ya mateka tisa. Huo ulikuwa muhuri wa walinzi wa makaburi.

Hapa ndipo ilipoonekana tabia ya mchimbuzi. Mtu mwingine angaliuvunja mlango usiku ule ule. Carter alitoboa kitundu kidogo, akaona kwamba nyuma yake mmejaa kifusi, basi akaamuru ngazi zifukiwe tena na walinzi wawekwe. Kisha akampelekea Carnarvon simu huko Uingereza, akamngoja zaidi ya wiki mbili.

Carnarvon alipofika, ngazi zikafunuliwa tena, zote 16. Sasa sehemu ya chini ya mlango ilionekana, na hapo palikuwa na muhuri wa Tutankhamun mwenyewe. Lakini palikuwa na jambo jingine pia. Katika pembe ya juu lipu ilikuwa ya namna nyingine, na mihuri ya hapo ilikuwa ya walinzi tu, si ya mfalme. Kwa alama hiyo Carter alijua kwamba wezi waliingia zamani, na walinzi wakaziba tena. Naye alizidi kuwa na mashaka: Je, wameacha kitu?

Nyuma ya mlango ulikuwamo ujia uliojaa mawe. Ulipokwisha safishwa, tarehe 26 Novemba, walifikia mlango wa pili. Carter akatoboa tundu, akaingiza mshumaa kwanza, ili kujua kama mna hewa mbaya, maana hewa ya mahali palipofungwa muda mrefu huweza kumwua mtu. Kisha akachungulia. Kwa muda hakuona kitu, kwa sababu ya giza. Halafu, macho yake yalipozoea, akaona wanyama wa dhahabu, na sanamu, na viti, na magari ya vita, vyote vimerundikana. Carnarvon akamwuliza kama aona kitu. Carter akajibu kwamba aona vitu vya ajabu.

5. Kazi ya miaka kumi

Watu wengi hudhani kwamba habari huishia hapo. Kwa kweli ndipo kazi ilipoanza. Chumba cha kwanza kilijaa vitu hata hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu. Kitu kimoja kikivutwa kwa pupa, kumi vingeanguka. Basi Carter aliita wasaidizi, kila mtu na ufundi wake: Harry Burton wa kupiga picha, Alfred Lucas mwenye elimu ya dawa na madini, Arthur Mace wa kutengeneza vitu vilivyo hafifu, na wengine wa kuchora ramani na kusoma maandishi. Makaburi mengine ya bonde hilo yaliyokuwa wazi yakafanywa vyumba vya kazi: moja la kutengenezea vitu, na jingine la kusafishia picha gizani.

Kazi ilifuata utaratibu huu. Kwanza, kila kitu kiliwekewa kadi yenye nambari, kikapigwa picha pale pale kilipokuwa, kabla ya kuguswa. Pili, mahali pake palichorwa katika ramani. Tatu, kilielezwa katika kadi: urefu wake, umbo lake, rangi yake, kilichokuwa juu yake na kilichokuwa chini yake. Nne, kikiwa hafifu kilitiwa nguvu kwa dawa. Tano, kilichukuliwa juu ya machela mpaka chumba cha kutengenezea, na huko kikapigwa picha tena. Kwa njia hiyo vitu zaidi ya 5,000 viliandikwa. Chumba cha kwanza peke yake kilitaka karibu wiki saba kumalizwa.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha ugumu wa kazi hiyo. Palikuwa na makubadhi yaliyofumwa kwa ushanga. Kwa macho yalikuwa mazima kabisa. Lakini uzi ulikuwa umeoza, na mtu alipoyagusa, ushanga ulimwagika. Wachimbuzi wakayeyusha nta juu ya moto, wakaimimina juu ya makubadhi, wakangoja hata ikaganda. Ndipo yalipoweza kuinuliwa, na kila ushanga ukabaki mahali pake. Sanduku moja lenye picha nzuri, lililojaa nguo na makubadhi yaliyoshindiliwa ovyo, lilimchukua Mace wiki tatu kulitoa vitu vyake.

Kwa nini nguo za mfalme zishindiliwe ovyo? Swali hilo nalo lilijibiwa na vitu vyenyewe. Katika sanduku jingine zilionekana pete za dhahabu zimefungwa katika kitambaa, kama afungavyo mtu akitaka kukimbia. Katika mitungi ya marashi zilibaki alama za vidole vya waliokomba marashi. Basi ilifahamika kwamba wezi waliingia, wakapekua, wengine wakashtushwa au wakakamatwa. Na walinzi waliokuja nyuma yao walirudisha vitu haraka haraka bila kupanga, wakaziba mlango. Habari hiyo yote ilisomwa katika fujo. Kama vitu vingepangwa vizuri kabla ya kupigwa picha, habari hiyo isingalijulikana kamwe.

Wazungu hawa hawakufanya kazi peke yao. Wamisri ndio waliochimba, wakabeba, wakalinda. Msimamizi wao mkuu alikuwa Ahmed Gerigar, naye Carter alimshukuru kwa jina katika kitabu chake, pamoja na wasimamizi wenzake watatu. Mwezi wa Mei 1923 vitu vya kwanza vilipopelekwa mtoni, makasha makubwa 34 yalipakiwa juu ya vigari vya reli. Reli zilikuwa chache. Kwa hiyo wafanya kazi walizitandika mbele, vigari vikapita, wakaziinua nyuma na kuzitandika tena mbele, hivyo hivyo mwendo wa maili zaidi ya tano. Jua lilikuwa kali hata vyuma haviwezi kushikika kwa urahisi. Kazi hiyo ilichukua saa 15, wala hakikuvunjika kitu.

6. Maneno ya ua

Mwezi wa Februari 1923 chumba alimolazwa mfalme kilifunguliwa. Mlikuwa na masanduku manne ya mbao yaliyofunikwa kwa dhahabu, makubwa kama vyumba, moja ndani ya jingine. Ndani yake jeneza la jiwe. Na ndani ya hilo majeneza matatu yenye sura ya mtu. La mwisho lilikuwa la dhahabu tupu, uzito wake ratili 243, yaani kilo 110. Uso wa maiti ulifunikwa kwa kinyago cha dhahabu ambacho sura yake imejulikana ulimwenguni kote.

Lakini dhahabu hiyo yote haikuweza kusema mfalme alizikwa mwezi gani. Aliyesema ni ua. Juu ya majeneza yaliwekwa mataji na mikufu ya maua na matunda ya kweli, na kati yake lilikuwamo ua dogo la rangi ya samawi liotalo katika mashamba ya ngano. Mwenye elimu ya mimea, Percy Newberry, aliyachunguza. Kila ua lina majira yake, na kila tunda lina wakati wake wa kuiva. Alipolinganisha majira hayo, alisema kwamba mfalme alizikwa kati ya katikati ya Machi na mwisho wa Aprili. Hivyo ua lililokauka zaidi ya miaka 3,200 lilitaja majira ya maziko.

Vitu vingine vilitaja umri wake. Zilionekana nguo za mtoto, na kiti kidogo cha mpingo kilichopambwa kwa pembe, ambacho mtu mzima hawezi kukikalia. Mti huo wa mpingo haukuota Misri. Uliletwa kutoka nchi za kusini. Mwezi wa Novemba 1925 madaktari wawili, Douglas Derry na Saleh Bey Hamdi, waliichunguza maiti yenyewe, wakaona kwamba ni kijana wa miaka yapata 18. Alitawazwa mtoto, akafa kabla hajawa mtu mzima hasa.

7. Hasara

Si kila kitu kilifanyika vema, na mwanafunzi yafaa ajue hayo pia. Utomvu uliomiminwa juu ya maiti wakati wa maziko ulikuwa umeganda kama lami, ukaishika maiti katika jeneza. Wachimbuzi walijaribu joto la jua, lisifae. Mwisho wakatumia visu vilivyopashwa moto, na mwili wa mfalme ukakatwa viungo. Katika mwaka 2005 wanachuoni wa Misri waliuchunguza mwili huo kwa mashine ipigayo picha za ndani bila kukata hata ngozi. Kama wale wa kwanza wangaliweza kungoja, mwili ungalikuwa mzima.

Hasara nyingine ilitokana na ugomvi. Juu ya sanduku la pili la dhahabu palitandwa kitambaa kikubwa cha kitani kilichoshonewa maua ya shaba yaliyopakwa dhahabu. Mwaka 1924 Carter alibishana na Serikali ya Misri juu ya mamlaka ya kaburi, akaacha kazi, na Serikali ikafunga mahali pale. Kitambaa kile kilibaki nje. Carter aliporudi mwaka 1925 alikikuta kimeharibika kabisa. Kitu kilichodumu zaidi ya miaka 3,200 gizani hakikudumu mwaka mmoja katika ugomvi wa watu. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Tena palikuwa na uvumi. Carnarvon alikufa mwezi wa Aprili 1923, baada ya kuumwa na mbu na kidonda chake kuingia sumu. Magazeti yakaeneza habari kwamba ni laana ya Farao. Walakini Carter, aliyekaa kaburini kuliko wote, aliishi hata mwaka 1939, akafa na umri wa miaka 64. Mwenye akili hupima uvumi kama apimavyo kigae: hutazama kwanza umetoka wapi.

Kaburi lilimalizwa kutolewa vitu vyake mwaka 1930, na kazi ya kuvitengeneza ikaisha mwaka 1932. Ilikuwa kazi ya miaka kumi.

8. Vitu hivyo vi wapi

Zamani ilikuwa desturi mchimbuzi kugawana vitu na nchi alimochimba. Lakini Misri ilitangazwa kuwa na uhuru wake mwaka ule ule wa 1922, na Serikali ikashikilia kwamba hazina ya Tutankhamun isigawanywe. Vitu vikawekwa Kairo. Vitu vidogo 19 vilivyokutwa katika makumbusho moja ya Marekani vilirudishwa Misri mwaka 2011. Na mwaka 2025 ilifunguliwa nyumba mpya kubwa ya makumbusho karibu na piramidi za Giza, na humo vitu vya mfalme huyo vikakusanywa pamoja.

Wala vitu hivyo havijamaliza maneno yao. Miongoni mwake kuna jambia la chuma. Mwaka 2016 wanachuoni walilichunguza kwa mionzi, bila kulikwaruza, wakathibitisha kwamba chuma chake kilitoka katika kimondo, yaani jiwe lililoanguka kutoka mbinguni. Jambo hilo Carter hakuweza kulipima kwa vyombo vya siku zake. Lakini kwa kuwa alilitunza jambia, wengine wamelijua.

Elimu hii haifai Misri tu. Karibu na Malindi, katika pwani ya Kenya, yako magofu ya mji wa Gedi, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe. Mwaka 1948 mchimbuzi James Kirkman alianza kuchimba huko. Alipata vigae vya sahani zilizotoka China, na shanga, na fedha. Na lipo kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, ambao ni mwaka 1399 wa Kristo. Huko pia kazi ilikuwa ile ile: kufukua polepole, kuchekecha mchanga, na kuandika. Na magofu ya namna hiyo ni mengi katika pwani na visiwa vya Afrika ya Mashariki, mengine bado yamo chini ya mchanga na mibuyu.

Basi mtoto akiokota kigae chenye rangi mahali pa magofu, akakitia mfukoni, amekuwa na kigae. Akikiacha mahali pake na kumwonyesha mwalimu au mlinzi wa mahali hapo, huenda nchi nzima ikapata habari. Mwizi wa zamani katika kaburi la Tutankhamun alifunga pete zake katika kitambaa, na leo hata jina lake halijulikani. Ua ambalo hakulitazama lingali lasema.

MASWALI

1. Kwa nini vitu vilivyofukiwa Misri hudumu miaka mingi bila kuoza?
2. Eleza tofauti ya mwizi, mtafuta hazina, na mchimbuzi wa mambo ya kale.
3. Jaa la kijijini lafananaje na mahali panapochimbuliwa?
4. Carter alijuaje kwamba wezi walikwisha kuingia kabla yake?
5. Taja kwa utaratibu mambo matano yaliyofanywa kwa kila kitu cha kaburini.
6. Mwezi wa maziko ya mfalme ulijulikanaje?
7. Ni hasara gani mbili zilizotokea, na zingalizuiwaje?
8. Ukiona kitu cha kale ardhini katika nchi yako, utafanya nini? Toa sababu.